Udhahiri katika hataza za mazao yaliyobadilishwa jeni: namna ya kujenga hoja na namna ya kuivunja

Wengi wanaopinga hataza ya zao lililobadilishwa jeni hutumia nguvu zao nyingi kuuliza kama jeni yenyewe ni mpya. Mara nyingi ni mpya kweli, na hapo hoja yao inaishia. Kinachoamua shauri ni jambo jingine: siku ombi lilipowasilishwa, je, mtaalamu wa kawaida wa fani hiyo alikuwa na sababu ya kuunganisha vipande hivyo, na alikuwa na matumaini yenye msingi kwamba mmea ungefanya kama inavyodaiwa? Sheria ya Marekani huliita suala hili udhahiri (kifungu cha 103 cha sheria ya hataza), na Mkataba wa Hataza wa Ulaya huliita hatua ya uvumbuzi (ibara ya 56). Kazi ya kukusanya ushahidi ni karibu ileile.

Mwongozo huu ni kwa watafiti wa mbegu, mawakili na mashirika yanayokutana na hataza ya aina hii, upande wowote waliopo. Hataza hudumu miaka 20 tangu ombi kuwasilishwa, na kwa mtu anayezalisha mbegu hiyo ni mizunguko mingi ya uzalishaji kufungwa. Hataza dhaifu isiyopingwa huwaumiza wengi, na hataza nzuri inayotetewa ovyo humnyima mvumbuzi haki yake.

Hatua ya 1: Vunja dai vipande vipande

Usianze na kichwa cha hataza wala muhtasari wake. Anza na madai, kwa sababu ndiyo yanayolindwa. Chukua dai huru la kwanza (lisilotegemea dai jingine) na uandike kila kipengele kwenye mstari wake: promota (kiwashio cha jeni), peptidi ya kupeleka protini mahali pake, jeni yenyewe, kimalizio (alama ya mwisho wa jeni), aina ya mmea, njia ya kuingiza jeni, na matokeo yanayodaiwa.

Soya ya kwanza ya kustahimili glifosati (dawa ya kuua magugu), iliyoingia sokoni Marekani mwaka 1996, ni mfano mzuri wa kujifunzia. Ndani yake kuna promota ya 35S ya kirusi cha mozaiki cha koliflawa, peptidi ya petunia inayoipeleka protini kwenye kloroplasti, jeni ya EPSPS (kimeng'enya ambacho glifosati hukilenga) ya bakteria wa jenasi Agrobacterium aina ya CP4, na kimalizio cha nos. Kila kimoja kina historia yake na tarehe yake. Promota ya 35S ilikuwa imechambuliwa hadharani tangu 1985. Kwa anayeshambulia dai la namna hii haitoshi kuonyesha kwamba kila kipande kilijulikana, maana hilo ni rahisi mno. Ugumu uko kwenye kiungo kati ya kipande na kipande.

Angalia pia kama dai linataja kiwango ("hustahimili dozi fulani", "mafuta yenye asidi ya linoleniki chini ya asilimia fulani") au mmea tu. Kiwango kikiwa ndani ya dai ni sehemu ya ulinzi, na ni lazima kipatikane katika maarifa ya awali (yaliyokuwa hadharani kabla ya tarehe ya ombi) au kionyeshwe kuwa kilikuwamo tayari bila kutajwa. Katika shauri la Monsanto na DuPont lililoamuliwa na Federal Circuit, mahakama ya Marekani ya rufaa za hataza, mwaka 2018, kuhusu soya yenye linoleniki kidogo, data zilizotolewa baadaye zilikubaliwa kuonyesha sifa ambayo mbegu iliyoelezwa katika chapisho la awali ilikuwa nayo tayari. Kwa hiyo chapisho lisilotaja asilimia yoyote usilitupe. Huenda mbegu yake ikipimwa leo ikatoa jibu.

Hatua ya 2: Thibitisha tarehe

Hapa ndipo mashauri mengi hugeuka, na ni kazi ya karani mwangalifu kuliko ya mwanasayansi. Tarehe inayohesabiwa ni ya kipaumbele, yaani ya ombi la kwanza, lakini kwa sharti moja: ombi hilo la kwanza liwe limeeleza kitu kilekile kinachodaiwa. Katika Ofisi ya Hataza ya Ulaya kipimo ni kikali: dai liweze kusomwa moja kwa moja na bila utata kutoka ombi la awali (uamuzi G 2/98).

Lifungue ombi la kwanza lenyewe. Mara nyingi lina mfano mmoja wa tumbaku, na neno "mahindi" au "nafaka zote" limeongezwa miezi 12 baadaye. Dai la mahindi likipoteza kipaumbele, kila kilichochapishwa katika miezi hiyo 12 kinaweza kutumika dhidi yake, pamoja na makala ya wavumbuzi wenyewe. Marekani huwapa wavumbuzi mwaka mmoja wa msamaha kwa machapisho yao wenyewe. Mkataba wa Ulaya hauna msamaha wa jumla wa namna hiyo.

Hatua ya 3: Mweleze mtaalamu wa kawaida

Mtu huyu wa kisheria anajua kila kilichochapishwa katika fani, lakini hana kipaji cha pekee. Katika bayoteknolojia ya mimea anaweza kuwa timu: mmoja wa jeni, mmoja wa kukuza seli na kuotesha mimea kutoka kwenye kalusi (donge la seli), mmoja wa uzalishaji wa mbegu. Mabaraza ya rufaa ya Ulaya humwona kuwa mwenye tahadhari, asiyekwenda kinyume cha imani iliyozoeleka wala kujitosa katika yasiyotabirika. Marekani, tangu uamuzi wa KSR dhidi ya Teleflex wa 2007, humwona kuwa na ubunifu wa kawaida, anayeweza kuunganisha vipande bila kuambiwa na chapisho moja kwa moja.

Shahidi mtaalamu achaguliwe kwa kigezo kimoja kikuu: alikuwa akifanya kazi hiyo maabara katika mwaka unaohusika. Mwenye jina kubwa aliyeingia fani miaka kumi baadaye atavunjwa kwenye mahojiano. Mpe tatizo na machapisho ya awali kwanza, aandike angefanya nini, ndipo umwonyeshe hataza. Weka kumbukumbu ya mfuatano huo. Ni kinga bora dhidi ya lawama kwamba alirudi nyuma huku jibu tayari analo mkononi.

Hatua ya 4: Tafuta kwa msimbo na kwa mfuatano, si kwa maneno pekee

Katika mfumo wa uainishaji wa hataza, jeni katika seli za mimea ziko chini ya C12N 15/82. Ustahimilivu wa glifosati uko C12N 15/8275, kinga dhidi ya wadudu C12N 15/8286, ustahimilivu wa ukame, baridi au chumvi C12N 15/8273, na mabadiliko ya mafuta C12N 15/8247. Mimea yenyewe iko A01H. Tafuta kwa misimbo hiyo, kisha ulinganishe mfuatano wa protini na wa DNA kwa BLAST (programu ya kulinganisha mifuatano) dhidi ya GenBank, hifadhi ya umma ya mifuatano, na dhidi ya hifadhi za mifuatano ya hataza.

Tahadhari moja inayowaponyoka wengi: tarehe inayoonekana juu ya rekodi ya GenBank mara nyingi ni ya marekebisho ya mwisho. Fungua historia ya matoleo uone lini mfuatano uliwekwa hadharani kwa mara ya kwanza, na upate cheti au kiapo cha kuthibitisha. Rekodi iliyozuiliwa mpaka makala itoke haikuwa maarifa ya umma siku ilipowasilishwa.

Usisahau tasnifu zilizoorodheshwa maktabani, mabango ya mikutano ya kisayansi, na nyaraka za vibali vya majaribio ya shambani zinazotolewa na mamlaka za kilimo. Nyaraka hizi za vibali hutaja jeni, mtoaji wake na sifa inayotafutwa, mara nyingine kabla ya makala yoyote.

Hatua ya 5: Anza na chapisho moja, ongeza la pili kwa sababu

Ulaya utaratibu umepangwa: chagua chapisho la awali lililo karibu zaidi, taja tofauti, taja athari ya kiufundi ya tofauti hiyo, unda tatizo kutokana na athari hiyo, halafu uliza kama mtaalamu angefika kwenye suluhisho. Neno ni "angefika", si "angeweza kufika". Marekani hufuata maswali ya Graham dhidi ya John Deere (1966): maarifa ya awali yalikuwa nini, tofauti ni ipi, kiwango cha ujuzi ni kipi, na kuna ushahidi gani wa nje.

Popote ulipo, usivuke machapisho mawili au matatu kwa hoja moja. Ukihitaji matano ili kuufikia mmea mmoja, msikilizaji ameshaona kwamba unafuata ramani ya hataza yenyewe. Na kwa kila chapisho unaloongeza, andika sentensi inayoeleza kwa nini mtaalamu angelichukua: tatizo lilelile, jeni ya familia ileile, au pendekezo lililoandikwa humo wazi. Sentensi hiyo ikikosekana, hoja ina tundu.

Hatua ya 6: Matumaini ya kufaulu, pahali pa vita halisi

Katika In re O'Farrell (1988) mahakama ya Marekani ilieleza hali mbili ambamo kitu "kilifaa kujaribiwa" lakini hakikuwa dhahiri: pale ambapo mtu angelazimika kujaribu vigezo vingi bila mwongozo, na pale ambapo maarifa ya awali yalitoa mwelekeo wa jumla tu. Mwaka 2009, katika In re Kubin, mahakama hiyohiyo iliona kwamba kutenga jeni ya protini inayojulikana, kwa mbinu za kitabu cha maabara, ni dhahiri. Shauri lako liko mahali fulani kati ya maamuzi hayo mawili, na linalokuweka pale ni biolojia ya mmea husika katika mwaka husika.

Zifuatazo ni sehemu ambazo biolojia ya mimea kweli haikutabirika. Mtetezi azitumie. Mshambuliaji aonyeshe kwamba kufikia tarehe ya hataza zilikuwa zimetatuliwa.

Ya kwanza ni mmea wenyewe. Kuingiza jeni kwa kutumia bakteria wa Agrobacterium kulifanya kazi kwenye tumbaku tangu 1983, lakini nafaka zilikataa kwa miaka mingi. Mahindi yenye rutuba yaliyobadilishwa jeni yaliripotiwa 1990 kwa bunduki ya jeni. Njia bora ya Agrobacterium kwa mpunga ilichapishwa 1994, na kwa mahindi 1996. Dai la mahindi lenye tarehe ya 1987 na dai lilelile lenye tarehe ya 1998 ni mashauri mawili tofauti kabisa.

Ya pili ni wingi wa protini. Jeni asilia za Bt, za bakteria mwenye sumu ya kuua wadudu, zilipowekwa kwenye tumbaku na nyanya mwaka 1987 zilitoa protini kidogo, kwa kuwa zimejaa herufi A na T za DNA na zina ishara ambazo mmea huzisoma vibaya. Mwaka 1991 ilionyeshwa kwamba kuandika upya kodoni (vikundi vya herufi tatu za jeni) bila kubadilisha protini huongeza kiwango hadi mara 100. Baada ya hapo, hoja kwamba "kubadilisha kodoni kulikuwa uvumbuzi" hudhoofika mwaka hadi mwaka.

Ya tatu ni kunyamaza kwa jeni. Mwaka 1990 watafiti waliongeza jeni ya rangi kwenye petunia wakitarajia zambarau iliyokolea, na baadhi ya maua yakatoka meupe. Kuongeza nakala si kuongeza sifa, na mtetezi ana haki ya kulisema hilo.

Ya nne ni gharama iliyojificha. Vimeng'enya vya EPSPS vilivyobadilishwa ili visizuiwe na glifosati mara nyingi vilishika vibaya pia kiambata chake cha kawaida, PEP, hivyo mmea ulistahimili dawa lakini ukadhoofika. Thamani ya kimeng'enya cha CP4 ilikuwa kustahimili dawa huku kikiendelea kufanya kazi yake. Machapisho yanayosema "kila kinachostahimili hudhoofika" ni maarifa yanayomrudisha mtaalamu nyuma, na ni silaha nzito ya mtetezi.

Uhariri wa jeni umeleta ubishi huu upya. Katika mashauri ya Chuo Kikuu cha California na Taasisi ya Broad kuhusu CRISPR, zana ya kuhariri jeni, Federal Circuit ilikubali mwaka 2018 kwamba kufanya kazi kwenye mirija ya maabara hakukumpa mtaalamu matumaini ya kutosha kuhusu seli zenye kiini. Lakini kuanzia Agosti 2013, machapisho ya CRISPR katika mimea yalipotoka, mlango huo ulianza kufungwa kwa upande wa mazao. Leo, kuzima jeni ya MLO katika zao jipya ili kupata kinga ya ukungu wa unga ni hoja ngumu kuitetea: shayiri ya mlo inajulikana kwa miongo, jeni ilitengwa 1997, na ngano, yenye nakala katika jinomu zake tatu, ilifanyiwa hivyo 2014. Kinyume chake, ngano iliyoripotiwa 2022, ambamo ufutaji wa takribani kilobesi 304 (herufi 304,000 za DNA) uliamsha jeni ya jirani na kuondoa udumavu unaoambatana na mlo, ndiyo aina ya matokeo ambayo hakuna chapisho lililoyaahidi. Kinga ilitarajiwa. Kinga isiyopunguza mavuno haikutarajiwa. Ukiwa mwandishi wa madai, weka tofauti hiyo ndani ya dai, si kwenye maelezo tu.

Hatua ya 7: Pima matokeo "yasiyotarajiwa" kabla ya kuyaamini

Data za mwenye hataza zisomwe kama mhakiki mkali wa jarida angezisoma. Jeni hutua mahali tofauti kila mara, na mahali hapo hubadilisha nguvu yake. Kwa hiyo kulinganisha tukio moja (yaani kutua kumoja kwa jeni na mimea iliyotokana nako) la jeni mpya na tukio moja la jeni ya zamani hakuthibitishi kitu. Tafuta matukio huru mengi kwa kila kundi (chini ya kumi ni kidogo kwa maoni yetu), idadi ya nakala iliyopimwa, vizazi vilivyotulia, na ulinganisho na ndugu waliotoka mbegu ileile lakini hawakurithi jeni.

Kwa mimea yenye sifa mbili pamoja, dai la kawaida ni kwamba zinasaidiana kupita jumla yake. Fomula ya Colby ya 1967 ndiyo inayotumika sana: kinachotarajiwa ni X + Y − XY/100. Jeni moja ikiua asilimia 60 ya wadudu na nyingine 50, kinachotarajiwa ni asilimia 80. Matokeo ya 82 hayana maana kama kosa la kipimo ni 5. Na yakitoka 95 kwa mdudu mmoja huku dai likitaja wadudu wote wa jamii ya nondo, matokeo hayafiki upana wa dai. Jeni mbili zinazofanya kazi kila moja kivyake ni mkusanyiko tu.

Data zilizopatikana baada ya kuwasilisha ombi hazikataliwi moja kwa moja. Ulaya, uamuzi G 2/21 wa 2023 unataka athari hiyo iwe inaeleweka tayari kutoka ombi lilivyowasilishwa kama sehemu ya uvumbuzi uleule.

Hatua ya 8: Ushahidi wa nje

Mauzo makubwa, leseni, kushindwa kwa wengine, hitaji la muda mrefu. Vyote vinahesabika Marekani, lakini viwe na uhusiano na kipengele kinachodaiwa. Mbegu huuzwa kwa ubora wa asili yake ya uzazi na kwa mtandao wa wauzaji. Anayetetea atenganishe mchango wa jeni na mchango wa mbegu iliyobebwa nayo. Kati ya vyote, kushindwa kwa wengine kulikoandikwa kabla ya tarehe ndiko kunakosikilizwa zaidi.

Hatua ya 9: Bana pande mbili kwa wakati mmoja

Hii ndiyo mbinu yenye nguvu kuliko zote kwa mpingaji, na inafaa iwekwe kwenye waraka wa kwanza kabisa. Mwenye hataza akisema fani ilikuwa haitabiriki ili kuukwepa udhahiri, muulize amefundishaje "mimea yote" kwa mfano mmoja wa tumbaku. Akisema fani ilikuwa rahisi kiasi kwamba mfano mmoja unatosha, amekubali udhahiri.

Mashauri yapo ya kutosha. Enzo Biochem dhidi ya Calgene (1999), kuhusu jeni za kinyume (zinazozima jeni nyingine), na Plant Genetic Systems dhidi ya DeKalb (2003), kuhusu mimea inayostahimili dawa ya magugu, yote yaligonga tatizo la maelezo yasiyofikia upana wa madai. Katika la pili, mahindi na jamaa zake wenye kotiledoni moja ndio waliokosekana. Amgen dhidi ya Sanofi (2023), ingawa ni la dawa za binadamu, lilikaza msimamo huo katika Mahakama ya Juu ya Marekani. Mwenye hataza hujinasua kwa kupunguza dai hadi zao na jeni alizozifanyia kazi kweli. Afanye hivyo mapema.

Madai ya tukio moja mahususi, yenye mifuatano ya mipaka ambapo jeni imeungana na jinomu na mbegu zilizowekwa amana, ni jambo jingine. Mahali pa kutua hapakutabirika, kwa hiyo Marekani ni vigumu kuyaita dhahiri. Ulaya uliza tukio hili lina athari gani kuliko mengine, kwa kuwa tangu uamuzi T 939/92 wa baraza la rufaa uteuzi wa kiholela usio na athari ya kiufundi hauhesabiwi kuwa uvumbuzi.

Hatua ya 10: Chagua baraza na uhesabu siku

Ulaya, pingamizi huwasilishwa ndani ya miezi 9 tangu tangazo la kutolewa hataza, likiwa na hoja kamili na ada. Mtu yeyote anaweza kupinga. Hataza ikifutwa, inafutwa kwa nchi zote ilizotolewa. Kumbuka kwamba kwa maombi yaliyowasilishwa tangu Julai 2017, na kwa uamuzi G 3/19 wa 2020, mimea iliyopatikana kwa kuchavusha na kuchagua tu imetengwa kabisa na hataza, hivyo huenda usihitaji hoja ya udhahiri.

Marekani, mapitio ya baada ya kutolewa (PGR) hufunguliwa ndani ya miezi 9 na huruhusu hoja zote, pamoja na ya maelezo yasiyotosha. Baada ya hapo kuna IPR (mapitio kati ya pande mbili), ambayo hukubali hoja za kukosa upya na za udhahiri tu, kwa hataza na machapisho pekee, katika maneno yasiyozidi 14,000. Ukishashtakiwa kwa kukiuka, una mwaka mmoja wa kuomba IPR. Bodi ya ofisi ya hataza inayosikiliza mapitio haya hutosheka na uzito wa ushahidi kuelemea upande wako, wakati mahakamani unahitaji ushahidi ulio wazi na wa kusadikisha. Kwa hoja ya kubana pande mbili PGR ndiyo sahihi, maana katika IPR mkono mmoja umefungwa.

India, yeyote anaweza kupinga ombi lililochapishwa kabla hataza haijatolewa, na mwenye maslahi anaweza kupinga ndani ya mwaka mmoja baada ya tangazo la kutolewa. Mwaka 2013 bodi ya rufaa ya huko ilikataa ombi la Monsanto la njia ya kupata mimea inayostahimili baridi kwa protini za bakteria. Kifungu cha 3(j), kinachotenga mimea na mbegu, hakikulizuia ombi hilo. Miongoni mwa yaliyoliangusha ni kukosa hatua ya uvumbuzi.

Ukishindwa, rufaa ya Ulaya hutangazwa ndani ya miezi 2 tangu kupewa uamuzi, na sababu zake ndani ya miezi 4. Kutoka bodi ya Marekani kwenda Federal Circuit ni siku 63, na mpingaji lazima aonyeshe madhara halisi kwake: shirika la watumiaji, Consumer Watchdog, lilikataliwa kwa sababu hiyo mwaka 2014. Kumbuka pia kwamba baada ya uamuzi wa mwisho wa bodi ya Marekani huwezi kurudi mahakamani na hoja uliyoitoa, wala ile ambayo ungeweza kuitoa na hukuitoa. Ulaya hakuna kizuizi cha aina hiyo: pingamizi likikataliwa, bado unaweza kuomba ubatilisho katika mahakama za nchi moja moja.